Msumeno uliomaliza nyaya mara mbili: waya mgumu, waya wa nyuzi na kosa lililojificha kwenye ncha

Seremala mmoja mtu mzima alinipigia simu akiwa amechoka. Msumeno wake wa meza ulikuwa umeshafungiwa nyaya na mafundi wawili tofauti, na kila mara ulirudi kwenye matatizo. "Fundi," alisema, "wa kwanza alinifungia waya mgumu, ukakatika. Wa pili akasema waya mgumu haufai, akanifungia wa nyuzi, na huo sasa umeungua. Hebu niambie, kuna waya wa tatu?"

Swali hilo nilikwenda nalo kichwani njia nzima. Nyaya zote mbili, ule mgumu wa fimbo moja na ule wa nyuzi nyingi nyembamba, zilikuwa za shaba safi, zote za milimita 2.5 za mraba, zote zinamudu kabisa mkondo wa msumeno ule. Kwa hesabu ya mkondo peke yake, hakuna fundi aliyekosea. Hata hivyo wote wawili waliacha mashine ambayo ingeweza kuua mtu au kuchoma karakana. Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mjadala wa waya mgumu na waya wa nyuzi huendeshwa kana kwamba mmoja ni bora na mwingine ni duni, na mjadala wa namna hiyo ndio uliozaa hitilafu ya pili.

Hali niliyoikuta

Mota ilikuwa ya fezi moja, volti 230, kilowati 1.5, mizunguko 2,850 kwa dakika. Ikikata ubao mnene ilivuta takriban ampea 10. Kutoka kwenye boksi la breka hadi kwenye mota njia ya waya ilikuwa mita 18 hivi: sehemu kubwa ndani ya paipu iliyobanwa ukutani, kisha swichi ya ukutani ya kukatia umeme wa mashine, kisha kipande kifupi kinachovuka hewani kuifikia mota. Breka ilikuwa ya ampea 16.

Swichi ile ya ukutani ndiyo iliyokuwa imeungua. Plastiki upande wa waya wa moto, yaani unaoleta umeme, ilikuwa imegeuka kahawia na kupinda, na ganda la waya lilikuwa limekauka likawa gumu kama kucha kwa urefu wa sentimita nne kutoka kwenye skrubu. Harufu bado ilikuwepo. Cha kusikitisha, breka haikuruka hata mara moja. Mwenye mashine alikuwa anailaumu breka kwa hilo, na ilibidi nimweleze kwamba breka haina kosa. Yenyewe huangalia mkondo tu. Mkondo ulikuwa ampea 10, chini ya 16, kwa hiyo kwa upande wake mambo yalikuwa shwari. Joto lilikuwa linazaliwa mahali pamoja, kwenye maungio, pale waya unapobanwa na skrubu ya swichi, na hakuna breka ya kawaida inayoliona joto la maungio yaliyo mita 17 mbali nayo.

Kabla ya kufungua chochote nilitaka namba. Msaidizi wangu alisimama kwenye breka, mkono tayari, nasi tukauendesha msumeno kwa dakika chache tu ukiwa unakata. Nilipima volti inayopotea kati ya waya wenyewe na chuma cha teminali, yaani tundu lenye skrubu ambamo waya unaingia. (Kipimo hiki hufanywa umeme ukiwa hai, kwa ncha za mita zilizofunikwa na mkono uliotulia, asiyezoea asijaribu.) Upande wa moto: volti 0.6. Upande wa nyutro, waya unaourudisha umeme: volti 0.4. Maungio mazuri katika mkondo huo hupoteza milivolti chache, tena hata kumi ni nyingi.

Volti 0.6 ni kitu kidogo ukiitazama kwenye mita. Ukiizidisha na ampea 10 unapata wati 6, na wati hizo zote zimekaa kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha, kilichozungukwa na plastiki isiyoruhusu joto kutoka. Ukinzani wa maungio hayo, yaani jinsi yanavyozuia mkondo, ni omu 0.06 (volti 0.6 gawa kwa ampea 10). Na mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida. Ukichukua ampea 60 kwa sekunde ile ya kuanza, mraba wake ni 3,600, mara 0.06 ni wati 216. Ni joto la pasi ndogo, kwa muda mfupi, kila anapowasha. Ganda la plastiki la nyaya nyingi za majengo limewekewa kikomo cha nyuzijoto 70. Hapo tayari tunajua kilichoichoma swichi. Kilichobaki ni kujua kwa nini omu 0.06 ilikaa pale.

Ndani ya teminali

Tulizima, tukahakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, tukafungua.

Waya ulikuwa fleksibo ya kawaida: nyuzi 50 nyembamba, kila moja milimita 0.25. Upande wa moto fundi alikuwa amemenya ganda kwa kisu, akazisokota nyuzi kwa vidole, akaziingiza tunduni na kukaza skrubu. Nilizihesabu. Nyuzi 11 zilikuwa zimekatwa na kisu palepale ganda lilipoanzia, na nyingine tatu zilikuwa zimebaki nje ya tundu zikielekea upande wa teminali ya jirani. Zilizokuwa chini ya skrubu zilikuwa zimetawanyika: ncha ya skrubu ilipokuwa inazunguka ilizisukuma kando, nyingine zikakimbilia pembeni ambako haikuzigusa kabisa. Nadhani nyuzi zilizobeba mkondo wenyewe hazikufika nusu. Nyingine zilikuwemo tu.

Hapa ndipo tofauti ya nyaya hizi mbili inapoonekana wazi, kuliko mahali pengine popote. Waya mgumu wa milimita 2.5 za mraba ni fimbo moja ya kipenyo cha milimita 1.78. Skrubu ikiushukia, unakandamizwa kidogo, unatengeneza kitako, na unabaki pale. Hauna pa kukimbilia. Nyuzi 50 zinakimbia. Unakaza, unahisi skrubu imegota, unaondoka. Kumbe imegotea kwenye kifurushi ambacho bado kina nafasi ndani yake. Mashine inawaka, shaba inapata joto na kutanuka, inazimwa, inapoa na kunywea. Kila mzunguko wa joto na baridi nyuzi zinajipanga upya kidogo, na shinikizo la skrubu linapungua. Shinikizo likipungua, ukinzani unapanda. Ukinzani ukipanda, joto linaongezeka, shaba inapata kutu nyeusi juu yake, na kutu hiyo nayo inaongeza ukinzani. Kitu hiki kikishaanza hakirudi nyuma chenyewe.

Kutu nayo ina hesabu yake. Fimbo moja ya milimita 1.78 ina mzingo wa milimita 5.6. Nyuzi 50 za milimita 0.25 zina jumla ya mzingo wa milimita 39. Yaani kwa shaba ileile, hewa na unyevu vinapata uso mkubwa mara saba wa kushambulia. Katika karakana yenye vumbi la mbao linalofyonza unyevu, ncha iliyo wazi ya waya wa nyuzi huzeeka haraka.

Upande wa nyutro ulinishangaza zaidi, na ndio ninaotaka mafundi wenzangu wausome kwa makini. Pale fundi alikuwa amejitahidi. Alizilehemu nyuzi, zikawa kitu kimoja king'aacho, kigumu, kizuri kwa macho, kisha akakaza skrubu juu yake. Nilipoweka bisibisi, skrubu ilizunguka karibu nusu mzunguko bila kuhitaji nguvu. Ilikuwa imelegea kabisa.

Wengi tulifundishwa hivyo, kwamba ukitaka waya wa nyuzi uwe kama waya mgumu, ulehemu ncha. Mimi mwenyewe nimelehemu ncha nyingi ujanani. Tatizo ni kwamba lehemu chini ya shinikizo la kudumu inatiririka, polepole mno, bila joto lolote la ziada. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na kwa metali yenye kiwango cha chini namna hiyo, joto la kawaida la chumba tayari liko karibu nacho kiasi cha kuifanya ijongee. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085. Katika joto la chumba imetulia tuli. Kwa hiyo skrubu inakaa juu ya kitu kinachokwepa kama nta chini ya jiwe. Siku ya kufunga ni imara, na baada ya miezi shinikizo limekwisha. Tena lehemu hupanda ndani ya nyuzi kwa sentimita moja au zaidi chini ya ganda, na pale inapoishia pametokea mpaka mkali kati ya sehemu ngumu na sehemu inayopinda. Waya ukitikisika, hukatika hapo hapo. Umechukua waya uliotengenezwa ili upinde, ukauwekea mahali pa kukatikia.

Kwa hiyo namba za mita zilitoa picha kamili: nyuzi tupu zilipoteza 0.6, zilizolehemiwa 0.4. Ncha iliyolehemiwa ilikuwa afadhali kidogo siku ile, lakini ilikuwa njiani kuelekea kulekule.

Upande wa mota, fundi huyohuyo alifanya vizuri. Alitumia vishikizi vya pete vilivyobanwa kwa koleo lake, akavifunga kwenye boliti za mota kwa nati na washa. Havikuwa na dalili yoyote ya joto. Waya uleule, mkondo uleule, fundi yuleyule. Ncha moja ilikuwa baridi na nyingine imeungua.

Sanduku la vyuma chakavu

Nilipokuwa nafungasha, mzee aliniambia kwamba nyaya za kwanza hakuzitupa. Zilikuwa kwenye sanduku la vyuma chakavu. Nilimwomba azilete, na nashukuru nilimwomba.

Fundi wa kwanza alikuwa amevuta waya mgumu kutoka kwenye breka hadi ndani ya boksi la mota bila kubadilisha. Paipu iliishia karibu na mashine, na kutoka hapo nyaya tatu, wa moto, nyutro na wa ethi, ziliruka hewani kama nusu mita na kuingia kwenye mota. Ndani ya paipu kazi yake ilikuwa safi na sikuona sababu ya kuilaumu. Kosa lilikuwa ile nusu mita.

Mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika hutikisika walau mara 2,850 kwa dakika. Kwa saa moja ya kazi ni mara 171,000. Fanya kazi saa nne kwa siku na waya umetikiswa karibu mara 700,000 kabla jua halijazama. Shaba laini ukiipinda mara moja haina neno. Ukiipinda mara kwa mara inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Kila aliyewahi kukata waya kwa kuukunja huku na huku anaijua hali hiyo. Na shaba si metali yenye kiwango fulani cha mtikisiko ambacho chini yake unaweza kusema itadumu milele. Mtikisiko mdogo huichelewesha tu.

Nyuzi nyembamba huepuka haya kwa jiometri tu, wala si kwa ubora wa shaba. Waya unapopinda, upande wa nje unavutwa na wa ndani unabanwa, na mvutano huo unategemea unene wa kila uzi. Kunja fimbo ya milimita 1.78 kuzunguka pini ya kipenyo cha milimita 20, na uso wake wa nje unavutika karibu asilimia 8. Kunja uzi wa milimita 0.25 kuzunguka pini hiyohiyo, unavutika kama asilimia 1.2. Nyuzi zinateleza moja juu ya nyingine badala ya kuvutana. Na ugumu wa kupinda nao unashuka vivyo hivyo: ukiigawa shaba ileile katika nyuzi 50 zinazoteleza kwa uhuru, kifurushi kinakuwa rahisi kupinda takriban mara 50. Ndiyo maana waya wa pasi unakunjwa kila siku kwa miaka, na waya wa ukutani ukiukunja hivyo hautamaliza wiki.

Waya wa moto wa zamani ulikuwa umekatika palepale penye mkwaruzo. Fundi alimenya ganda kwa kuzungusha kisu, na kisu kilifika kwenye shaba kikaacha alama ya duara isiyoonekana kwa urahisi. Alama kama hiyo kwenye waya uliotulia ukutani ni kasoro ndogo. Kwenye waya unaotikiswa mara 48 kwa sekunde, nguvu yote ya kupinda hukusanyika hapo. Mzee aliniambia msumeno ulikuwa unazima, halafu ukiugusa waya unawaka. Maana yake ncha mbili zilizokatika zilikuwa zinagusana ndani ya ganda na kuachana, zikitoa cheche kila mara. Alikuwa ameendelea hivyo kwa siku kadhaa kabla ya kuita fundi.

Kisha niliuchukua waya wa ethi, wenye ganda la kijani na njano. Kwa nje ulikuwa mzima. Niliupima ncha kwa ncha kwa mita: hakuna mawasiliano. Nikaukunja taratibu kati ya vidole nikitafuta mahali laini, na karibu na upande wa mota ganda lilipinda kama mrija mtupu. Nilipolipasua, shaba ilikuwa imekatika vipande viwili.

Nilikaa kimya kidogo. Waya wa moto ukikatika, mashine inazima na mtu anaita fundi. Ethi ikikatika, hakuna kinachobadilika. Msumeno unazunguka, mbao zinakatwa, na meza ya chuma ambayo mzee huegemea kutwa haina tena njia ya kupeleka umeme ardhini siku ganda la waya wa moto litakapochubuka na kugusa bodi. Hatujui ilikatika lini. Huenda ilitangulia, kwa kuwa nyaya zote tatu zilikuwa zinatikiswa sawasawa. Fundi wa pili, alipoitwa kwa ajili ya waya wa moto, aling'oa zote tatu na kuweka mpya, kwa hiyo aliondoa hatari ambayo hakuijua. Kwa hilo nampa heshima yake, hata kama swichi iliungua mikononi mwake.

"Eti umeme hupita juu ya uso"

Mzee aliniuliza kwa nini fundi wa pili alisema waya wa nyuzi hupitisha umeme mwingi zaidi. Dai hilo nimelisikia kwa mafundi wa umri wote: umeme hupita juu ya uso wa waya, nyuzi zina uso mkubwa, basi nyuzi zinabeba zaidi.

Kuna ukweli ambao dai hili limeuazima vibaya. Mkondo unaobadilika-badilika kweli huelekea kukusanyika karibu na uso. Lakini kwa umeme wa 50 Hz, unaorudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, kina unachopita ndani ya shaba ni takriban milimita 9. Waya wetu kutoka usoni hadi katikati una milimita 0.89 tu. Umeme unaujaza wote, hadi moyoni. Zaidi ya hayo, nyuzi za fleksibo zinagusana zikiwa uchi, kwa hiyo hata katika masafa ya juu hazifanyi kazi kama nyaya 50 tofauti. Kuna nyaya maalumu ambazo kila uzi umepakwa kihami chake ili kufanikisha hilo, lakini hizo ni za masafa ya juu, hazihusiani na msumeno.

Ukitazama vipimo, mambo yamegeuka. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 kinaruhusu waya mgumu wa milimita 2.5 za mraba uwe na ukinzani usiozidi omu 7.41 kwa kilomita katika nyuzijoto 20, na waya laini wa daraja la 5, ambao ndio fleksibo, usiozidi omu 7.98. Ukilinganisha vikomo hivyo, fleksibo ndiyo yenye ukinzani zaidi, kwa asilimia 8 hivi. Kwa njia yetu ya mita 18, kwenda na kurudi mita 36, ni omu 0.267 dhidi ya 0.287. Kwa ampea 10 tofauti ni volti 0.2. Haina maana yoyote kwa mota.

Nilimwonyesha mzee namba hizo mbili kwenye karatasi: volti 0.2 ni tofauti ya nyaya zote kwa urefu wake wote, na volti 0.6 ndiyo iliyopotea kwenye skrubu moja. Maungio ya milimita chache yalikula karibu mara tatu ya tofauti ambayo watu wanabishania. Alicheka, akasema, "Kumbe tulikuwa tunagombania katikati, na ugonjwa uko mwishoni."

Na kuhusu swali lake la awali, waya wa tatu upo. Upo wa nyuzi 7, kila moja milimita 0.67 kwa ukubwa huu, ambao kiwango kinauita daraja la 2. Ukinzani wake wa juu ni uleule wa waya mgumu, omu 7.41. Unavutika vizuri zaidi kwenye paipu zenye kona nyingi, na skrubu inauvumilia kwa kuwa nyuzi zake ni nene na chache. Lakini usingemsaidia kwenye ile nusu mita. Watu huuona una nyuzi wakauita fleksibo, wakaufunga kwenye kitu kinachotembea. Nyuzi 7 nene zimetengenezwa kurahisisha kuvuta waya siku ya kufunga, si kustahimili mtikisiko wa miaka.

Tulivyofunga upya

Sikutumia aina moja ya waya. Kutoka kwenye breka hadi swichi ya ukutani, ndani ya paipu, nilirudisha waya mgumu. Hapo hakuna kinachotikisika, na ncha zote mbili zinaingia kwenye skrubu, kazi ambayo fimbo moja huifanya bila kuhitaji msaada. Nilimenya kwa koleo la kumenyea lenye tundu la kipimo, si kisu. Waya mgumu una tabia moja ya kuangalia: ukiukunja na kuusukuma ndani ya boksi, unakumbuka umbo lake na kusukuma teminali, na baada ya muda unaweza kulegeza skrubu. Kwa hiyo niliukunja kwanza ukae unavyotakiwa, ndipo nikakaza, badala ya kukaza kisha kukunja.

Kutoka kwenye swichi hadi mota niliweka fleksibo, zote tatu ndani ya ganda moja la nje, na nikaiacha na kitanzi kidogo cha ulegevu ili mtikisiko ufie njiani. Mahali inapoingia kwenye boksi la mota niliweka kibanio kinachoshika ganda la nje, ili mvutano wowote uishie kwenye ganda na usifike kwenye shaba.

Ncha za fleksibo upande wa swichi nilizivika vikofia vya shaba, ambavyo mafundi huviita feruli. Ni kimrija chembamba chenye kola ya plastiki; nyuzi zote 50 zinaingia, kisha kinabanwa kwa koleo lake maalumu hadi nyuzi zinakuwa kama kitu kimoja. Hakuna lehemu, kwa hiyo hakuna kinachotiririka. Skrubu inakandamiza shaba juu ya shaba, na hakuna uzi wa kukimbia wala kubaki nje. Kwa maoni yangu, fleksibo isiingie chini ya skrubu ya kawaida bila kikofia, isipokuwa teminali yenyewe iwe na bamba linalokandamiza nyuzi bila kuzizungusha na mtengenezaji awe ameiruhusu. Na kikofia kilichobanwa kwa meno ya koleo la kawaida si kikofia. Nyuzi za katikati hubaki legevu, na kwa nje kinaonekana kizima, jambo ambalo ni baya kuliko kuacha nyuzi wazi.

Kuna teminali za kusukuma, ambazo hazina skrubu: unaingiza waya na springi inaushika. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa waya mgumu peke yake, kwa kuwa fleksibo ikisukumwa inajikunja mlangoni. Swichi mpya niliyoweka ilikuwa na skrubu, kwa hiyo hilo halikunihusu hapa. Ila nimewahi kukuta watu wakiisukuma fleksibo kwa bisibisi hadi inaingia nusu, na matokeo yake ni yaleyale ya swichi ya mzee.

Jambo jingine nililokuta kwenye baa ya nyutro, kipande cha chuma ambapo nyaya za nyutro hukutana, ndani ya boksi la breka: waya mgumu wa taa na fleksibo ya msumeno zilikuwa chini ya skrubu moja. Skrubu ilikuwa imeukalia waya mgumu, na fleksibo ikawa imelala pembeni yake. Nilizitenganisha, kila moja na tundu lake. Skrubu zote nilizikaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, maana mkono uliochoka hukaza tofauti na mkono wa asubuhi.

Kisha tukawasha. Ampea 10, ubao uleule mnene. Upande wa moto kwenye swichi: milivolti 7. Nyutro: milivolti 6. Kutoka wati 6 hadi chini ya moja ya kumi ya wati. Tuliuacha msumeno ufanye kazi nusu saa, kisha nikagusa uso wa swichi mpya, nao ulikuwa na joto la ukuta.

Kabla ya kuondoka tulizima tena na kuhakikisha. Niliweka ncha moja ya mita kwenye baa ya ethi ndani ya boksi la breka, kwa waya mrefu wa kupimia ambao ukinzani wake nilikuwa nimeshautoa, na nyingine kwenye meza ya chuma ya msumeno. Omu 0.15. Nikamwambia msaidizi wangu aishike ile fleksibo karibu na mota na kuitikisa kwa nguvu, juu, chini, kushoto, kulia. Mzee alikuja kusimama begani kwangu akitazama namba. Iliendelea kusoma 0.15.